Kiti cha Domnica kwenye Basi la Vienna

Jumapili, 4 Januari 2026. Malaz, Riyadh

Nimeanza daftari. La bure, lina nembo ya kampuni ya dawa, waliletewa madaktari likabaki idarani kwetu. Mara ya mwisho kuandika hivi nilikuwa mwanafunzi.

Ujumbe uliingia saa nne asubuhi. Nilikuwa kwenye mashine ya kupigia pasi mashuka ya wodi ya tatu. Kiromania! Nimesoma nikiwa nimesimama pale pale, mvuke unanipiga usoni. Miaka thelathini na zaidi hakuna mtu aliyeniandikia kwa lugha ile.

Anaitwa Andrada. Amenipata kwenye kundi letu la Facebook, Watanzania tuliosoma Romania enzi zile. Anaandika historia ya klabu ya Suveica. Mpira wa mikono, wanawake, mji wa Podu Lung. Mwaka huu klabu inatimiza miaka sitini. Ana picha ya Vienna, Aprili 1988. Wasichana kumi na wawili na kombe. Katikati yupo mweusi mmoja, sweta la golikipa, meno yote nje. Nyuma ya picha wameandika jina moja tu: Koku.

Anauliza, ni wewe?

Tena anasema timu inakuja Jeddah, tarehe 22 mpaka 24, mashindano ya kirafiki ya klabu tatu. Wangependa kunipa heshima uwanjani.

Sijajibu. Nimefuta ujumbe, halafu nikaurudisha.

Jumatatu, 5 Januari

Gaudensi kaona. Simu niliiacha mezani, picha imejaa kioo kizima. "Mama Abel, huyu si wewe huyu?" Kaivuta ikawa kubwa, anacheka mwenyewe. Nilipotoka kuoga alikuwa ameshamtumia Abel kule Mwanza, ameshawatumia watu wa jumuiya, na ameshamjibu Andrada kwa Kiingereza chake cha mwalimu wa fizikia: ndiyo, ni mke wangu, atafurahi sana kuja.

Sikuweza kugomba. Ningegomba kwa sababu gani?

Miaka thelathini na mbili ya ndoa. Anajua nilicheza. Anajua nilizuia ile penalti ya mita saba dakika ya mwisho. Huwahadithia wageni, na mikono anaipanua kabisa kama alikuwepo. Hajui kitu kingine.

Alhamisi, 8 Januari

Andrada kapiga. Sauti ya kijana, anaongea haraka, nami Kiromania changu kimeota kutu. Ananiita doamna, yaani bi mkubwa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili pale, hakuna aliyeniita doamna.

Kanisimulia habari za klabu tangu nilipoondoka. Mwanzo naujua: mwaka 1966, wasichana wa kiwanda cha nguo wakicheza juu ya lami nyuma ya chumba cha kutilia rangi. Suveica ndiyo jina la kile kipande cha mti kinachovusha uzi kwenye mtambo wa kufumia, wakajiita hivyo. Mwisho sikuujua. Baada ya serikali kuanguka kiwanda kikauzwa vipande vipande. Wakacheza ukumbi hauna moto, maji yameganda kwenye mabomba. Mwaka 2004 klabu ikafa kabisa, miaka miwili. Mtu mmoja akabaki na ufunguo wa ukumbi, anafagia kila Jumamosi, ukumbi mtupu. Wachezaji wa zamani walipoifufua walimkuta na ufagio.

"Unamkumbuka Domnica?" akauliza.

Nikasema namkumbuka.

"Ndiye huyo. Sasa anafundisha magolikipa. Anakuja Jeddah. Kila siku anaulizia habari zako, anasema wewe ni mdogo wake."

Nikasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Ijumaa, 9 Januari

Leo mapumziko. Gaudensi kaenda sokoni Batha. Niandike halafu nione kama mkono utakubali.

Nilikwenda Romania mwaka 1984, serikali ilitutuma tukasome uhandisi wa nguo, turudi kuendesha viwanda vyetu. Podu Lung. Bweni la kiwanda, chumba cha watu wanne. Kitanda cha pembeni yangu Domnica, golikipa wa Suveica. Alinizidi miaka miwili. Yeye ndiye aliyenifundisha lugha, kwa kunionyesha vitu. Mkate. Dirisha. Baridi. Mkate ulipokuwa haba alikata wake katikati. Akanipeleka mazoezini kwa sababu nina mikono mirefu. Miaka mitatu nikawa golikipa wa pili, yaani wa benchi.

Machi 1988 tukaalikwa Vienna, kombe la timu za viwandani. Domnica akaniambia usiku—hapana, ilikuwa jioni, tunafua soksi—akaniambia akifika Vienna harudi. Kaka yake alikuwa Ujerumani. Alisema wanaojua ni wawili tu: mimi, na Tanti Lenuta, mama aliyekuwa akitukanda misuli, maana bega la Domnica lilikuwa mikononi mwake kila siku.

Kulikuwa na mtu wa usalama. Kila Jumanne aliniita ofisi ya chuo, ana kofia ya kahawia, anaiweka juu ya goti. Wageni wote tuliitwa. Alinibana. Aliniambia masomo yangu yanaweza kuishia pale, nikarudishwa Bukoba bila cheti, baba yangu aone aibu. Nikamwambia habari ya Domnica.

Asubuhi ya safari basi liko getini, timu imeshakaa, mimi nimesimama chini kuwaaga. Watu wawili wakapanda, wakamwita jina. Domnica akateremka na begi lake. Hakulia. Kiti chake kilikuwa cha dirishani, na kocha akaniambia nikimbie bwenini nilete pasipoti, nikikalie mimi.

Vienna nikasimama golini. Tukashinda. Ndiyo picha ile.

Domnica wakampeleka chumba cha kusokota nyuzi, zamu ya usiku, marufuku kucheza. Akajiuliza nani kasema. Waliojua wawili. Mmoja ni msichana Mwafrika anayelia kitandani wiki nzima. Basi ikawa Tanti Lenuta. Mji mzima ukasema ni Tanti Lenuta.

Nimeandika. Mkono umekubali. Gaudensi anapanda ngazi, nasikia mifuko.

Jumanne, 13 Januari

Kazini sijielewi. Peris, yule Mkenya wangu wa zamu ya asubuhi, kaniangalia mpaka kachoka. "Madam Koku, hizo scrubs za madaktari umezicount mara tatu. Uko sawa kweli?" Nikamwambia nina presha. "Basi keti chini kidogo, mimi nitamalizia, hakuna haraka." Mtoto mwema. Nikakaa juu ya marobota ya mashuka machafu, na mimi ndiye ninayewakataza kukaa pale.

Nilikuwa na sababu. Andrada ameandika tena. Ameandika kwa furaha, ndiyo mbaya zaidi. Nanukuu kwa Kiswahili:

Doamna Koku, nikuambie siri. Tanti Lenuta alikuwa bibi yangu, mama wa mama. Ndiyo maana naandika kitabu hiki. Alivunjiwa madirisha mwaka 1990. Alikufa 1997, kanisani watu walikaa mbali na jeneza. Nimeomba majalada ya zamani na sasa yamefika. Aliyetoa habari za Domnica hajaandikwa jina lake, kuna jina la siri tu: Ziwa. Podu Lung hakuna ziwa. Bibi yangu alizaliwa milimani. Je, unamkumbuka mtu yeyote pale klabuni ambaye angeweza kuitwa Ziwa?

Ziwa. Yule mtu wa kofia aliniuliza kwetu kukoje nikamwambia kuna ziwa, huoni ng'ambo. Akatabasamu akaandika. Sikujua anaandika jina langu.

Nimejibu: sikumbuki.

Alhamisi, 15 Januari

Kanipigia kwa video. Nilikuwa jikoni, nikapokea kwa bahati mbaya. Msichana ana miwani, nyuma yake ukuta wa makabati. Macho ya Tanti Lenuta yale yale. Mungu wangu.

Alizungumza habari za hoteli, habari za ratiba. Halafu, polepole, kama mtu anayeuliza habari za watoto:

"Doamna Koku, nyumbani kwenu Bukoba, ukisimama mlangoni, mbele unaona nini?"

Gaudensi alikuwa mezani anasahihisha mitihani. Hajui Kiromania.

"Migomba," nikasema.

Si uongo. Migomba ipo.

Akasema asante. Akakata.

Anajua.

Jumamosi, 17 Januari

Nimemwambia Gaudensi siendi. Presha, safari ndefu, nani atasimamia kazi. Kashusha miwani. Akasema Machi natimiza sitini, hospitali hairefushi mkataba, ikama, kibali chetu cha kuishi, inaisha, tunarudi nyumbani, halas, basi, hii ndiyo safari yetu ya mwisho humu nchini. Keshaomba ruhusa shuleni. Keshapeleka gari kubadilisha matairi.

"Unaogopa nini, Mama Abel?"

Nikasema siogopi.

"Tangu ile picha ije hujala."

Nikainuka nikala. Vijiko viwili vya wali, mbele yake, kama mtoto anayelazimishwa.

Nimekaa nikahesabu njia zangu. Nisipoenda, Andrada atachapisha anavyojua. Au hatachapisha, maana karatasi inasema Ziwa tu, na maziwa ni mengi. Naweza kukanusha mpaka kufa. Nitazeeka Bukoba, natazama ziwa lenyewe, na Tanti Lenuta atabaki alivyo.

Jumatano, 21 Januari. Jeddah

Tumefika. Saa kumi nzima njiani. Nimemwambia Gaudensi.

Ilikuwa kabla ya Taif, kituo cha mafuta, tumenunua chai ya maziwa kwa Mpakistani mmoja. Upepo unarusha mchanga, tumekaa garini vioo vimepandishwa. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Riyadh, yote yakapotea. Nikasema tu: golikipa wetu, Domnica, alikamatwa kwenye basi la Vienna, na aliyemsema ni mimi.

Nikamweleza mtu wa kofia. Nikamweleza alivyonibana, na Tanti Lenuta, mama wa kutukanda, alivyobebeshwa lawama.

Alikunywa chai yake yote. Halafu akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Yule mama wa kukanda, alikufa lini?"

"Tisini na saba."

"Na wewe ulikuwa unajua kwamba watu wanamsema yeye?"

Ningeweza kusema hapana. "Domnica aliniandikia barua. Mwaka tisini na moja. Alinieleza yote, mpaka madirisha yaliyovunjwa."

"Ukamjibu nini?"

"Sikujibu."

Akawasha gari. Kwenye kile kibao kinachotutenga sisi wasio Waislamu tusipite Makka tukafuata njia ya kuzunguka, milima mitupu. Redio hakuiwasha. Karibu na Jeddah, joto limeanza kuingia na unyevunyevu wake, akasema: "Utamwambia." Hakuuliza.

Sasa amelala na uso ukutani. Siku zote hulala ananitazama.

Alhamisi, 22 Januari

Nimekutana nao wote. Sijui nianzie wapi.

Ukumbi wa chini wa hoteli, wasichana warefu na masanduku, wananukia dawa ya misuli. Katikati yao bibi mmoja mwenye nywele nyeupe fupi. Vidole vimepinda, vidole vya golikipa. Aliniona kabla sijamwona. Hakukimbia, alikuja polepole, akasimama, akanipima juu mpaka chini.

"Umenenepa," Domnica akasema. "Sasa ungelijaza goli lote bila kuruka."

Akanikumbatia. Kichwa chake kinanifika begani, zamani tulilingana. Alinishika nyuma ya shingo kama alivyokuwa akinishika nikifungwa bao la kijinga. Nililia, na watu wakafurahi, wakapiga picha. Gaudensi alisimama pembeni, mikono nyuma. Domnica alimpa mkono akamwambia kwa Kiromania polepole, kama kwamba ataelewa, kwamba amemtunzia vizuri mdogo wake. Ilinibidi nitafsiri.

Baada ya chakula cha mchana Andrada akaniomba tutembee. Tukaenda ukingoni mwa bahari, kwenye zile benchi. Familia zimetandika mikeka, watoto na baiskeli. Hakuzunguka.

"Nilipokualika sikuwa na jalada," akasema. "Niamini hapo. Nilikualika kwa sababu ya picha. Jalada lilikuja baadaye."

Nikasema naamini.

"Kitabu kinakwenda kuchapishwa tarehe mosi. Nina sura moja haijaisha. Karatasi inasema Ziwa. Siwezi kuandika jina la mtu kwa kubahatisha, ndivyo walivyomfanyia bibi yangu. Ukinyamaza, nitaandika kwamba hajulikani. Watu Podu Lung watasoma 'hajulikani' na watasema ni yeye yule yule."

Simu yake ilikuwa juu ya paja, haijarekodi. Alikuwa ameigeuza kifudifudi ili nione.

Nikamwambia ni mimi.

Nikamwambia kofia, Jumanne, cheti, baba yangu. Alilia. Na halafu—ndiyo iliyonimaliza—akanishika mkono akasema, ulikuwa mtoto, ugenini, walikutisha, ungefanya nini. Nilidhani atanitemea mate. Akanisamehe pale pale, hajamaliza hata kufuta miwani.

Akauliza nani amwambie Domnica. Nikasema mimi. Akasema kabla hawajaondoka, tafadhali. Ndege yao Jumamosi saa tisa alasiri.

Ijumaa, 23 Januari

Sikulala vizuri. Niandike hii kabla hatujaenda uwanjani.

Nimemwambia Gaudensi kwamba alinibana. Nimemwambia Andrada kwamba alinibana. Humu ndani, tarehe 9, niliandika alinibana, na humu hakuna wa kusoma. Sasa nilikuwa namdanganya nani?

Hakunibana. Siku ile hapana. Siku nyingine ndiyo, alitisha, cheti na baba na yote hayo aliyasema, lakini ilikuwa vuli ya mwaka wa kabla, juu ya redio ya Msudani mmoja wa mwaka wa tatu. Jumanne ile ya Aprili hakuwa na la maana. Aliuliza habari za baridi. Alifunga daftari lake. Alivaa kofia yake. Alikuwa ameshafika mlangoni, mkono kwenye kitasa.

Nikasema, "Domnica hatarudi kutoka Vienna."

Hakuniuliza.

Jumatatu, siku moja kabla, kocha alisoma orodha ya safari. Watu kumi na wawili tu wameruhusiwa. Golikipa mmoja. Nilikaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, nikasikia majina kumi na mawili, langu halipo. Miaka mitatu nilishika taulo la Domnica. Kila mtu akanipiga bega, Koku, safari nyingine. Domnica akaninong'oneza kwamba atanitumia picha ya posta kutoka Ujerumani.

Jumanne nikasema.

Basi. Imeandikwa.

Ijumaa hiyo hiyo, jioni

Suveica 27, wenyeji 21. Mchezo sikuuona. Nilikuwa naangalia benchi, Domnica anavyoinuka kila golikipa wake anaporuka, anaruka naye, magoti yale mabovu.

Wakati wa mapumziko wakaniita katikati. Mtangazaji akasoma kwa Kiarabu na Kiingereza. Shujaa wa Vienna. Makofi, wanawake wa Kisaudi na mabinti zao, wengi kuliko nilivyodhani, kuna msichana mmoja alipiga kigelegele. Andrada alikuwa kwenye kiti chake, hakupiga makofi, wala hakuangalia pembeni.

Aliyeniletea jezi ni Domnica. Namba 12. Akanivalisha mwenyewe, juu ya abaya, akaingiza kichwa changu kama anamvalisha mtoto, akarekebisha bega. Mdomo wake karibu na sikio langu. Akasema: "Nilipokuwa kule kwenye nyuzi, ulinisimulia ile penalti mara ngapi? Mara kumi? Nilikuwa naidaka na mimi. Ndiyo iliyonivusha."

Ni kweli. Alinisimamisha getini zamu ikibadilika, ananiuliza: aliinama upande gani? Mguu gani mbele? Nami namsimulia. Kila mara namsimulia.

Nilitaka kumwambia pale pale. Filimbi ikapigwa.

Gaudensi alinisubiri nje ya ukumbi. Aliiangalia jezi. "Vua kwanza," akasema kwa upole, "halafu ndiyo umwambie." Nimeivua garini. Nikamwambia na yeye, ile ya orodha, ile ya mlangoni. Sasa anajua yote. Aliweka mikono kwenye usukani na hakuondoa gari kwa muda mrefu, wenye magari nyuma wakapiga honi, yalla, yalla. Aliondoa gari. Amekula kidogo, amenimegea samaki, ametoa miiba. Hajaongea nami zaidi ya kuniuliza kama nimemeza dawa ya presha.

Jumamosi, 24 Januari, saa tano asubuhi

Niko bafuni. Nimefungulia bomba. Siwezi kufikiri bila kalamu, nimekuwa hivyo wiki tatu hizi.

Domnica yuko chumbani, amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Gaudensi ameshuka chini atuache. Nimemwambia Domnica. Nilisimama, sikuweza kukaa. Nilisema ni mimi niliyekusema kwa mtu wa usalama, siyo Lenuta. Sikuongeza neno. Sikutaja cheti wala baba.

Alikunja vidole vyake, akavinyoosha kimoja kimoja. Jambo la kwanza alilosema halikunihusu.

"Nilimtemea Lenuta mate," akasema. "Mara mbili. Mlangoni kwake. Mara ya pili alikuwa ameshika mkono wa mama yake Andrada."

Nikasema najua, uliniandikia.

"Nilikuandikia," akasema. "Nikadhani barua imepotea."

Halafu akaangalia dirishani, bahari ile na jua lake. Nilidhani atainuka aende. Sanduku lake liko chini tayari, basi lao la uwanja wa ndege linakuja saa saba. Hakuinuka. Akaanza kunihesabia siku, taratibu, kama anavyohesabu hatua za mpigaji.

"Orodha ilisomwa Jumatatu."

"Ndiyo."

"Golikipa mmoja."

"Ndiyo."

"Wewe ulikuwa unaitwa kila Jumanne."

"Ndiyo."

Akageuka akaniangalia usoni. "Alikuuliza, Koku? Au ulimwambia mwenyewe?"

Nikasema ngoja ninawe uso.

Andrada hatajua. Sura yake ameshaiandika, ya binti aliyetishwa, jana aliniambia ni sura nzuri, bibi yake ametoka humo msafi. Gaudensi hatasema. Nikitoka hapa nikisema walinilazimisha, Domnica atanishika nyuma ya shingo. Namjua. Atapanda basi akiwa bado na mdogo wake. Ana miaka sitini na miwili.

Kwa Kiromania ni maneno mafupi yote mawili. Walinilazimisha: m-au silit. Nilitaka: am vrut. Nimeyasema mbele ya kioo, kwa sauti ya chini, maji yanamwagika. La kwanza linanikwama, naliongea kama mgeni. La pili linatoka lenyewe, na lafudhi ya Podu Lung kabisa, vile alivyonifundisha.

Anaita jina langu. Hajapandisha sauti.

Nimefunga bomba.